Alizeti Pori: Panga Litangulie Ua

Masika yakiisha na vilima vya Ngara vikaanza kukauka, kuna mmea unaochanua njano wakati nyasi zote zinageuka kahawia. Anayetokea Nyakanazi akapita Lusahunga na Nyakahura atauona pembeni mwa barabara na kwenye mipaka ya mashamba, na akichepukia Benaco kuja Ngara mjini au Kabanga ataendelea kuuona. Una kimo cha mita 2 hadi 3, majani mapana yaliyogawanyika vidole vitatu au vitano, na ua la njano linalofanana na la alizeti ila ni dogo. Wageni husimamisha magari wakapiga picha. Wenyeji tunauita alizeti pori, wengine husema alizeti mwitu.

Mimi ni mkulima. Nina migomba na kahawa mlimani, upande wa Murgwanza, na bustani ya mboga huko chini ambayo ndiyo imewasomesha watoto wangu. Shamba langu limezungukwa na alizeti pori aliyoipanda mama mkwe wangu kabla sijaolewa pale, naye aliipenda kwa ua lake tu. Leo naitunza kwa sababu nyingine, na ninapoona watu wanavyoipanda ovyo, na wengine wanavyoichoma moto kwa hasira, najua pande zote mbili zinapoteza. Alizeti pori ni mali kwa anayeikata kabla haijachanua. Ikiachwa ichanue na kukauka juani, inakuwa mzigo kwa kijiji kizima. Kuidhibiti na kuivuna ni kazi moja, inafanywa siku moja na kwa panga lile lile.

Mmea huu haukuzaliwa hapa. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Wataalamu wa mimea wanauita Tithonia diversifolia, jina lililochapishwa mwaka 1883, na ni wa ukoo mmoja na alizeti tunayokamua mafuta na kishona nguo kinachotung'ang'ania kwenye kanga. Ulisafirishwa kwenda nchi za joto za Afrika na Asia hasa kwa uzuri wake, upandwe kwenye nyua na bustani za maua. Kutoka kwenye nyua ulitembea wenyewe. Leo umeenea Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mikoa mingi ya Tanzania. Afrika Kusini imeuweka kwenye orodha ya mimea vamizi ambayo sheria inamtaka mwenye ardhi aidhibiti, na kuupanda huko ni marufuku.

Watu wa mkoa wetu wa Kagera hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza ua linavyoweza kugeuka janga. Magugu maji yana ua la zambarau linalovutia kweli. Yalitoka Amerika ya Kusini, yakaletwa Afrika kama pambo la madimbwi na bustani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana Ziwa Victoria. Njia mojawapo kubwa yaliyopitia ni Mto Kagera, mto huu huu unaoanguka Rusumo, mpakani mwa wilaya yetu na Rwanda. Wavuvi walifungiwa mialo, mitumbwi ikakwama, na serikali za nchi tatu zikahangaika kwa miaka. Ahueni kubwa ilikuja baada ya kuachiliwa wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaokula magugu hayo tu. Kwa alizeti pori hatuna fukusi wa namna hiyo. Hapa kwetu mdhibiti wake ni mkulima.

Mtu asiyejua jinsi inavyosambaa hawezi kuizuia, kwa hiyo nianze na hapo. Njia ya kwanza ni mbegu. Kile tunachokiona kama ua moja ni mkusanyiko wa maua mengi madogo, na mengi ya hayo madogo yanaweza kutoa mbegu. Kichaka kimoja kilichoiva kina vichwa visivyohesabika. Mbegu ni nyembamba, nyepesi, za milimita chache tu, na zikikauka zinapukutika kwa kuguswa. Upepo huzisogeza kidogo, lakini kinachozipeleka mbali ni maji ya mvua yanayoteremka mtaroni, matope kwenye viatu na kwato, magurudumu ya magari, na kifusi kinachochimbwa pembeni mwa kichaka na kumwagwa penye barabara mpya. Ndiyo maana unaiona imefuata barabara. Barabara inaibeba.

Njia ya pili ni kisiki. Ukiikata, inachipua. Ukiichoma, majivu yanapoa, mvua inanyesha, na chipukizi zinatoka chini ya majivu. Njia ya tatu ndiyo inayowashangaza wengi: fimbo iliyokatwa ikiwa bado na maji ndani yake, ikalala kwenye udongo wenye unyevu, inaweza kuota mizizi. Nimeona watu wakifyeka mpaka wao vizuri kabisa, wakatupa fimbo kwenye korongo, na msimu uliofuata korongo likawa na kichaka kuliko mpaka wenyewe.

Halafu kuna udongo ulioachwa wazi. Alizeti pori haipendi kivuli kizito. Ndani ya migomba iliyoshonana huioni. Inapenda ardhi iliyochimbwa, iliyochomwa, iliyolimwa ikaachwa. Sisi Ngara tunaijua ardhi iliyoachwa wazi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na kambi za Benaco na nyinginezo zikajaa watu waliohitaji kuni kila jioni, kama binadamu yeyote angehitaji. Vilima vilibaki vipara. Ardhi ya namna hiyo haikai tupu. Inavikwa na mmea wowote unaofika mapema na kukua haraka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye shamba lililopumzishwa ni kwamba asiliache wazi. Apande marejea, mukuna au viazi vitamu vifunike udongo. Mbegu ya alizeti pori ikikosa jua haina la kufanya.

Sasa panga. Kila mmea wa alizeti pori hutoa ishara kabla ya kuchanua: kwenye ncha za matawi vinajitokeza vitumba vya kijani, vigumu, saizi ya punje kubwa ya mahindi. Siku unayoviona ndiyo siku ya kukata. Ukisubiri njano itokee, bado una muda mfupi, lakini ukisubiri vichwa vigeuke kahawia umeshachelewa. Mimi nakata kwa kimo cha magoti au kupanda kidogo, sikati usawa wa ardhi, kwa sababu nataka kisiki kichipue tena na kunipa majani. Wakati wa mvua uzio unarudi kuwa mnene katika miezi miwili hivi, nami narudi na panga. Kukata huko mara kwa mara kunaufanya mmea utumie nguvu zake kwenye majani na usifikie maua. Hapo ndipo wengi wanapopinda mdomo wakisema, sasa uzuri wake uko wapi? Wanaotaka ua wanaweza kuacha mashina machache karibu na nyumba, mahali wanapopita kila siku, na kuchuma vichwa vyote vinapoanza kunyauka, kabla havijakauka. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejitolea. Asiyeiweza asiache hata shina moja.

Mkutano wa panga na migomba una tahadhari yake. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa hapa Kagera, na tangu hapo tumejifunza kwa uchungu kwamba unasafiri kwenye panga. Anayetoka kukata uzio akaingia moja kwa moja kupunguza machipukizi ya migomba, na uzio wenyewe umechanganyikana na migomba ya mpakani, anacheza na chakula cha nyumba yake. Pitisha panga kwenye moto mpaka lipate joto kali, au lioshe kwa dawa ya madoa ya nguo iliyochanganywa na maji, kila unapohama shina moja la mgomba kwenda jingine. Nyumbani kwangu panga la uzio na panga la migomba ni mapanga mawili tofauti, na wajukuu wanajua lipi ni lipi.

Ukitaka kuiondoa kabisa, kazi ni nzito zaidi lakini inawezekana. Miche midogo ing'oe kwa mkono au jembe ardhi ikiwa na unyevu. Inatoka bila ubishi. Visiki vya zamani vinahitaji sururu, na usiache kipande cha shina chenye macho kwenye udongo. Fimbo zilaze juu ya jiwe au kichanja zikauke kabisa, ndipo uzitie jikoni. Zinawaka vizuri na zinasaidia kuwashia moto. Vichwa vilivyokwisha kukauka vikusanye kwenye gunia bila kuvipukutisha, uvichome mahali pamoja. Kisha funika mahali palipong'olewa kwa matandazo mazito au panda kitu kinachotambaa. Msimu unaofuata rudi, kwa maana mbegu zilizolala zitaota. Rudi tena msimu wa pili na wa tatu. Wapo wanaopuliza dawa ya kuua magugu. Mimi sipendi kwenye shamba dogo lenye mazao yaliyochanganywa, kwa sababu upepo mdogo tu unatosha kuipeleka dawa kwenye maharage na kwenye kahawa, na kisiki kikubwa mara nyingi kinachipua baadaye.

Nimesema kuivuna. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na naomba msomaji asiharakishe.

Miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto chenye makao Nairobi, kilichojulikana kama ICRAF, pamoja na taasisi za Kenya za utafiti wa kilimo na misitu, walifanya kazi na wakulima wa magharibi mwa Kenya, sehemu za Maseno na Vihiga. Udongo wa huko, kama wetu, umechoka, hasa kwa upungufu wa fosforasi, na alizeti pori imejaa kwenye mipaka. Walipopima majani yake walikuta utajiri. Kilo 100 za majani yaliyokaushwa zina takriban kilo 3.5 za naitrojeni, kilo 4 za potasiamu, na zaidi kidogo ya theluthi moja ya kilo ya fosforasi. Ni kiwango kinachoshindana na miti jamii ya mikunde inayosifiwa kwa kurutubisha ardhi. Tena majani haya ni laini, yanaoza upesi mno: nusu ya naitrojeni yake inaachiliwa kwenye udongo ndani ya wiki moja hivi. Mahindi yaliyotiwa majani haya yalizaa vizuri zaidi kuliko yale yasiyotiwa kitu.

Watafiti hao hao waligundua jambo ambalo kila mwanamke aliyebeba majani kichwani anaweza kuthibitisha. Kiwango walichokuwa wakijaribu ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Jani bichi ni maji zaidi ya robo tatu, kwa hiyo tani 5 kavu ni tani 25 au zaidi za majani mabichi ya kukata, kubeba, kukatakata na kufukia. Nani ana mikono hiyo kwa hekta nzima ya mahindi? Hesabu haikutoka vizuri kwa mahindi. Ilitoka kwa mboga, kama sukuma wiki, zinazochukua eneo dogo na kuuzwa kila wiki.

Basi tufanye hesabu ya bustani. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 lina mita 10 za mraba. Kwa kiwango kile linahitaji kilo 5 za majani makavu, yaani kilo 25 hadi 30 mabichi, ambayo ni mizigo miwili ya kawaida ya kichwani. Naitrojeni iliyomo ni kama gramu 175. Ukitaka naitrojeni hiyo hiyo kutoka kwenye yurea, ungehitaji pungufu ya gramu 400. Ninaandika hili waziwazi kwa sababu wapo wanaotangaza majani kama kwamba yanafanya mbolea ya dukani kuwa takataka. Hapana. Gramu 400 za yurea unazishika kwa viganja, na mizigo miwili ya majani inakuacha na shingo inayouma. Lakini yurea haina potasiamu, haina fosforasi, na haiachi chochote cha kulegeza udongo mwekundu unaogeuka tofali wakati wa kiangazi. Na inahitaji fedha mkononi siku ya kununua. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda dunia nzima, serikali ikaanzisha mpango wa ruzuku, na ulisaidia wengi. Hata hivyo, mwenye uzio alikuwa na kitu cha kuanzia kabla mfuko haujafika kijijini.

Ninavyofanya bustanini ni hivi. Nakata matawi yenye vitumba au yasiyo navyo, natenga majani na vijiti laini vya kijani upande mmoja, fimbo ngumu upande mwingine. Majani nayakatakata vipande vifupi, nayatandaza juu ya tuta, nayachanganya na udongo wa juu kwa jembe, kina cha kiganja. Naliacha tuta kama wiki moja au zaidi kidogo, likiwa na unyevu, kabla ya kuhamishia miche ya nyanya au kabichi, kwa sababu majani yanayooza yanatoa joto na mche mchanga hauvumilii. Vitunguu na mchicha vinapenda mpango huu. Wakati wa kukuzia natumia maji ya majani: pipa lijazwe majani yaliyokatwakatwa mpaka nusu, limwagiwe maji, lifunikwe, likorogwe kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili hivi maji yanakuwa meusi na harufu yake ni kali. Nayachuja, nayazimua kwa maji mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi, namwagia shinani, simwagi juu ya majani ya mboga inayokaribia kuvunwa.

Kwenye migomba faida inaonekana zaidi, na sababu ni potasiamu. Mgomba unahitaji potasiamu kwa wingi kuliko mazao yetu mengi, na kila mkungu unaopakiwa kwenye lori kwenda mjini unaondoka na potasiamu ya shamba. Wazee wa Bukoba walijua namna ya kurudisha. Kwa vizazi vingi kibanja cha Mhaya kililishwa nyasi zilizofyekwa rweya, mbuga ya wazi iliyozunguka vijiji, pamoja na samadi ya ng'ombe waliolala nyumbani. Rweya imepungua, imelimwa, imepandwa miti, na ng'ombe wamepungua pia. Huku Ngara nyasi za kutandaza tunagombania. Alizeti pori kwenye mpaka inajaza sehemu ya pengo hilo. Nyasi zinadumu juu ya ardhi na kuzuia maji yasikimbie. Majani ya alizeti pori yanaoza haraka na kulisha. Ukiyatanguliza majani chini na nyasi kavu juu yake, unapata vyote viwili. Hili nalisema kwa furaha, kwa sababu naliona kwenye migomba yangu kila kiangazi.

Lazima pia niseme ukweli mwingine. Alizeti pori haivuti naitrojeni hewani kama maharage au marejea. Haiumbi rutuba, inaikusanya kutoka udongo uliopo chini yake na kuipandisha kwenye majani. Kila mzigo unaokata unahamisha rutuba kutoka mpakani kwenda tutani. Ukikata miaka mingi bila kurudisha chochote, uzio wenyewe utadhoofika. Kwa hiyo majivu ya jikoni na sehemu ya samadi vinakwenda kwenye uzio. Na kwa fosforasi, ambayo udongo wetu mwekundu unaikamata na kuinyima mimea, majani peke yake hayatoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walijaribu huko Morogoro kuchanganya majani haya na mbolea ya mawe ya Minjingu, inayochimbwa upande wa Manyara, wakaona fosforasi inayopatikana kwa mmea inaongezeka na mahindi yanazaa zaidi. Anayeweza kupata Minjingu aichanganye na majani wakati wa kufukia. Ni muungano wa kitu chetu na kitu chetu.

Nyuki wanaipenda alizeti pori. Huku na Biharamulo watu wengi hutundika mizinga, na wafugaji wa nyuki watanilaumu nikisema kata maua yote. Ninawaelewa. Lakini ua huwapa nyuki chakula likiwa bichi, na mbegu huja baadaye. Mfugaji akate mara tu njano inaponyauka, hapo nyuki wameshapata chao. Mbuzi huyala majani ya mmea huu kiasi, wengine kwa kusitasita mpaka wayazoee, kwa kuwa ni machungu. Huko Kolombia wafugaji huupanda mahsusi kama malisho na huukata ukiwa mchanga.

Kuhusu uchungu huo huo, wapo wanaochemsha majani wakanywa kutibu malaria na tumbo. Kemikali za mmea huu zina nguvu, na majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba dozi kubwa zinaweza kudhuru ini na figo. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya akapimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto. Alizeti pori ibaki shambani.

Hata shambani si kila mahali panaifaa. Kuna kijana jirani yangu aliyekuja kuomba vipando.

"Shikamoo, mama. Naomba fimbo za alizeti pori, nataka kuzungushia uwanja."

"Marahaba, mwanangu. Uwanja wako unatazama wapi?"

"Upande mmoja unapakana na mtaro, kule maji ya barabara yanakoteremka."

Nilimwambia achukue fimbo za upande wa juu, unaopakana na shamba lake mwenyewe, na upande wa mtaro apande mabingobingo, ambayo yatashika udongo na kumlisha ng'ombe wake. Alinung'unika kidogo, akafanya. Mtaro ule unaishia bondeni kwa watu wengine, na mbegu moja iliyoingia mtaroni haina mwenyewe tena.

Aliyekwisha kuwa nayo kijijini na akaitaka mpakani kwake atumie fimbo zilizokomaa, si zile za kijani, zenye urefu wa sentimita 20 hadi 40. Azipande siku ile ile aliyozikata, mvua zikiwa zimeanza na ardhi imelowa, zisimame au ziegemee. Zikifukiwa zimelala hazioti vizuri. Mstari uwe mmoja. Mistari miwili inafunga njia ya panga katikati, na pale panga lisipofika ndipo ua linapokauka. Pande zote mbili za uzio ziwe na nafasi ya mtu kupita akipalilia miche inayojiotea. Na kabla ya kupanda mtu ajiulize kama ana mikono ya kukata kila miezi miwili ya mvua. Mzee anayeishi peke yake, au mwenye shamba anayekaa mjini na kuja mara moja kwa mwaka, asiipande. Kwa hao kuna minyaa na mabingobingo.

Na kijiji ambacho bado hakina mmea huu kisiulete. Mazuri yake yanaweza kupatikana kwa njia nyingine: marejea, utupa na lukina vinarutubisha ardhi, tena vinavuta naitrojeni hewani. Hasa wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato wasiubebe hata kwa pambo. Ukishaingia kwenye mbuga ambako hakuna mkulima wa kuukata, unafunika nyasi zinazoliwa na wanyama.

Bonde la Ruvubu na bonde la Kagera ndiyo yananiumiza. Mito hii inakutana Rusumo na kuendelea hadi Ziwa Victoria, na kila kinachoota kwenye kingo zake kinatupa mbegu ndani ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu za binadamu. Watu wengi wanaisikia sheria hiyo inapokuja habari ya kulima au kujenga. Naomba serikali za vijiji ziitaje pia inapokuja habari ya uzio, na siku moja ya kazi za pamoja masika yanapoisha itengwe kung'oa alizeti pori mitaroni, kwenye korongo na kando ya vijito, visiki vikiwa vichache na vichwa havijakauka.

Wewe uliye nayo mpakani, nenda kaitazame kesho asubuhi. Ukiona vitumba, kata, na majani uyapeleke kwenye migomba.